Daftari Linaloning'inia Mlangoni

Mgonjwa wangu wa kwanza wa kunilipa alikuwa bibi mmoja wa Mikindani, hapa Mtwara, mwenye kidonda mguuni. Ilikuwa 2016. Nilikuwa nimestaafu uuguzi kwa hiari nikiwa na miaka 55, nina miezi minne nyumbani, na bado kila siku naamka saa 11 alfajiri kama mtu anayewahi kupokea zamu, kisha nakaa uani kuangalia kuku. Mtoto wake, anayefanya kazi Dar es Salaam, akanipigia simu.

"Shikamoo sista. Namba yako nimepewa na jirani. Mama ana sukari na kidonda hakiponi. Zahanati wanataka aende kila siku kusafishwa, na kila siku ni bajaji na mtu wa kumshika mkono. Wewe huwezi ukawa unapita?"

Nikasema nitapita. Akauliza bei, hapo nikababaika. Miaka zaidi ya 30 nimefunga vidonda vya watu na hakuna siku niliyoulizwa mkono wangu ni shilingi ngapi. Nikasema elfu tano. Sasa wewe piga hesabu: bodaboda kutoka Chikongola mpaka Mikindani na kurudi, glovu, bandeji, gozi, maji ya chumvi ya kusafishia. Wiki ya pili niligundua kwamba mimi ndiye ninayemlipa bibi wa watu ili anipe ruhusa ya kumuuguza.

Lakini bei haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa kwamba mwanawe akipiga simu jioni kumuuliza mama, mama anajibu, "Sista leo hajaonekana." Na mimi nimetoka pale saa tatu asubuhi, nimemsafisha, nimempima sukari, tumekunywa chai. Bibi hakuwa mwongo, kumbukumbu ndiyo ilikuwa inamponyoka. Kijana hakunituhumu waziwazi. Alianza tu kuuliza maswali marefu.

Nikanunua daftari dukani, lile la kurasa 96, nikalitoboa pembeni, nikapitisha kamba ya katani na kulitundika kwenye msumari karibu na mlango wa chumba cha bibi. Kila nikiingia naandika tarehe, saa, sukari imesoma ngapi, kidonda kina upana gani, kimetoa nini, amekula nini, kisha jina na saini. Mjukuu wa darasa la sita akapewa kazi ya kupiga picha ukurasa kila jioni na kumtumia mjomba wake. Baada ya wiki moja simu zikakoma. Mwezi uliofuata zikaanza nyingine, za rafiki zake waliokuwa wameonyeshwa zile picha, nao wana mama zao Mtwara. Mwaka ukaisha nina nyumba tano.

Sikujua wakati ule kwamba daftari lile ndilo biashara yenyewe. Nilidhani ni karatasi ya kujikinga na lawama, na nitaeleza lilivyonigharimu kulidharau.

Nyumba ya pili ilikuwa Magomeni, mzee aliyepigwa kiharusi upande wa kulia, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Huku kwetu ukitaja kiharusi nusu ya ukoo watakwambia ni upepo, yaani jini. Sikubishana nao. Wodini nilijifunza kwamba ukimwambia mtu shehe wake hajui, kesho hutafunguliwa mlango. Mimi hofu yangu ilikuwa moja: walikuwa wanamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, amelala chali. Mtu wa kiharusi mara nyingi koo nalo limelegea. Maji yakikosea njia yanaingia mapafuni, na wako wengi ambao kiharusi kiliwaacha hai, nimonia ikaja kuwamaliza.

Nikamwita binti mkubwa wa nyumba. "Mwanangu, kombe lisomwe na linywewe, mimi sikatazi. Ila mzee akalishwe kwanza. Mto mgongoni, kidevu kishuke kidogo, kijiko kimoja cha chai, subiri ameze kabisa, ndipo kingine. Akimaliza asilazwe mpaka nusu saa ipite. Na uji wenye uzito kidogo atauweza kuliko maji matupu." Alikuwa hajanielewa neno akalishwe, akadhani nasema alishwe, tukacheka. Shehe alipokuja akaangalia tunavyofanya, akasema hata yeye hapendi kuona mtu anapaliwa na aya. Tangu siku hiyo alikuwa ananiletea wateja.

Nyumba hiyohiyo ndiyo iliyonijibu swali ambalo wastaafu wenzangu waliniuliza huku wakinicheka: nani hapa Mtwara atatoa hela kwa ajili ya kuuguziwa, wakati nyumba zimejaa ndugu? Mzee yule alikuwa na wakamwana wawili ndani, wanawake wenye nguvu zao. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumvua baba mkwe nguo na kumtawaza. Hilo si uvivu, ni heshima, na ukiwalazimisha unavunja nyumba. Binti zake wa kuzaa walikuwa wanaona haya. Wanaume wako bandarini, wako mashambani, wako Dar. Mke wake ana miaka 70 na goti bovu. Mgonjwa anabaki na mkojo mpaka mtu afaaye arudi jioni. Hapo ndipo mgeni anayelipwa anapokuwa nafuu kwa kila mtu, hata kwa mgonjwa mwenyewe, maana mbele ya mgeni haya yake ni ndogo.

Basi ikabidi nitafute wanaume. Kijana wangu wa kwanza alitoka Newala, amemaliza kidato cha nne na kozi ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya, hana ajira. Wenzake wa kijiweni walimwita mama. Alivumilia. Ana mikono mitulivu, na ana jambo ambalo halifundishiki: anamwambia mgonjwa anachotaka kumfanyia kabla hajamgusa, hata kama mgonjwa hajibu. "Babu, sasa nakugeuza kwa ukuta." Mwaka wa pili wale wa kijiweni walikuwa wanamuuliza kama kuna nafasi.

Darasa lilikuwa sebuleni kwangu, na mgonjwa wa kufundishia alikuwa mume wangu. Tunamlaza kwenye jamvi, vijana wanajifunza kumgeuza kwa shuka bila kumburuta, maana ngozi ikiburutwa inachanika kabla ya kidonda chenyewe. Wanajifunza kumbadilishia shuka akiwa juu yake, kuosha mgongo, kukagua visigino, nyonga na pale chini ya mgongo ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Kumgeuza kila saa mbili, usiku na mchana. Mfuko wa mkojo usiinuliwe juu ya kiuno, mkojo ukirudi unarudi na vijidudu. Mume wangu alikuwa anasinzia kweli katikati ya somo. Binti mmoja akaniuliza, "Mama, huyu anaigiza au amezidiwa?"

Sindano hawachomi. Hilo nililiweka tangu mwanzo na sijalegeza: anayechoma, anayebadilisha mpira wa mkojo au wa kulishia ni muuguzi mwenye leseni, yaani mimi na baadaye wenzangu wawili niliowapata, wastaafu kama mimi. Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga sijaiacha ife. Karatasi nyingine ni zile za kila mfanyabiashara: jina la biashara lililosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya manispaa, na maelezo kwa ofisi ya mganga mkuu juu ya tunachofanya na tusichofanya. Sindano zilizotumika tunazikusanya kwenye sanduku lake na kuzipeleka kituo cha afya tulichokubaliana nacho zikachomwe. Ukizitupa jalalani, mtoto atazichezea. Haya ni ya kufanywa, hayana hadithi.

Yenye hadithi ni hela.

Wateja wangu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wale ambao mtoto wa Dar au Dodoma anatuma kwa simu kila tarehe 28. Wa pili ni familia za korosho. Mwenye korosho siyo maskini hata kidogo, ila hela yake inakuja mara moja kwa mwaka. Mavuno yanaanza kama mwezi wa tisa au wa kumi, korosho zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinasubiri mnada, mnada ukipita hela inaingia benki. Kuanzia hapo mpaka mwaka mpya Mtwara yote ina sauti nyingine, bodaboda mpya, mabati mapya, harusi. Mwezi wa tatu na wa nne, mvua inanyesha na hela imekwisha, mtu yuleyule aliyekuwa anakulipa mapema anakwambia, "Sista, tuvumiliane mpaka korosho." Mwezi wa tatu! Na mgonjwa hageuzwi kwa ahadi.

Niliumia vizuri msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi likaingia kuzisomba. Bei ilikuwa ya kufurahisha, lakini kwa wakulima wengi malipo yalichelewa, na nyumba zangu tatu zilikuwa za wakulima hao. Mishahara ya vijana niliitoa kwenye mafao yangu ya kustaafu, miezi mitatu mfululizo. Mume wangu alikuwa anaangalia kitabu cha benki, hasemi kitu. Kimya chake kile ningekibadilisha na matusi.

Toka hapo nikafanya mambo mawili. Familia ya korosho analipa kwa msimu: hela ikiingia analipia miezi sita mbele, nami nampunguzia kidogo. Mwanzoni niliogopa watakataa. Kumbe wengi walifurahi, maana wanajua wenyewe kwamba hela ya mwezi wa kumi na moja isipofungiwa mahali, mwezi wa pili haipo. Na nyumba za wakulima hazizidi theluthi ya nyumba zote nilizonazo, hata wakija na magunia mlangoni.

Korosho hiyohiyo inaninyang'anya na wafanyakazi. Msimu ukianza, kijana anaitwa kijijini kuokota korosho kwenye shamba la mama yake, na ukimkatalia ataondoka tu. Mwezi wa sita shule zikifungwa ni jando na unyago, kila binti ana mdogo wake anayetolewa mwali, na hapo hakuna mwajiri aliyewahi kushinda. Siku hizi ratiba ya mwaka naipanga kwa kuuliza mapema: nani ana shamba, nani ana mwali. Watu wa mjini wasio na korosho wanafanya kazi mwezi wa kumi, wa vijijini wanarudisha zamu mwezi wa kwanza. Haijawahi kukaa sawa mwaka mzima.

Hela nyingine inapotelea msibani. Mteja wangu mmoja alifariki akiwa na deni la miezi miwili. Nilikwenda kuzika kama jirani, nikakaa jamvini na wanawake. Kabla jeneza halijatoka, mzee wa ukoo akasimama na kutangaza kama ilivyo desturi, kwamba kama kuna mtu alikuwa anamdai marehemu au marehemu alikuwa anamdai, aje kwa familia. Moyo ukanidunda. Nilikuwa na haki yangu na nilikuwa nimeitwa mbele ya watu niiseme. Nikamwangalia mke wa marehemu, mwanamke niliyekuwa nakunywa naye uji kila asubuhi miezi minane. Nikanyamaza. Binti aliyekuwa amemuuguza marehemu alikuwa amekaa pembeni yangu, naye mshahara wake ulikuwa ndani ya deni hilo. Nilimlipa mimi. Siku hizi kila nyumba inalipa mwanzo wa mwezi, siyo mwisho. Wengine wananiona nimekuwa mkavu.

Halafu kuna hereni. Nyumba moja, sitasema wapi, walimtuhumu binti mmoja mfanyakazi wangu kuiba hereni za dhahabu za bibi. Walimvua mtandio, wakamwaga mkoba wake sakafuni mbele ya watoto. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye ngazi, hata kulia amemaliza. Hereni zilionekana siku ya tatu ndani ya mkebe wa ubani. Bibi alizificha mwenyewe akasahau. Waliniomba radhi mimi. Yeye hawakumwomba. Nikawaambia mkataba umekwisha, nikapoteza laki tatu na nusu kwa mwezi, na sijajuta, ingawa bibi wa watu alikuwa hana kosa lolote na nasikia aliulizia.

Baada ya hapo ukurasa wa kwanza wa kila daftari una orodha: vitu vya thamani vilivyomo chumbani kwa mgonjwa, vimehesabiwa na mtu wa nyumba na mtu wangu wakiwa pamoja, wote wawili wametia saini. Cheni, simu, saa ya ukutani, redio, hela kama ipo. Watu wengine wanaona ni kuwakosea adabu. Nawasimulia habari ya mkebe wa ubani.

Sasa Lindi.

Mwaka 2021 nilikuwa na nyumba 11 Mtwara na Mikindani, mbili Naliendele na moja ng'ambo ya maji, Msangamkuu, ambako kijana anavuka na pantoni asubuhi na kurudi jioni. Simu za Lindi zikawa haziishi. Watoto wa Dar hawajui mipaka ya mikoa, kwao kote ni kusini. Na mimi nikajiona. Nikasema mbona barabara ni ya lami, ni kilomita mia na ushee, nitaweka mtu pale. Nikaajiri vijana sita kwa mwezi mmoja na nikamweka mmoja wao awe mkubwa wao kwa sababu alikuwa anazungumza vizuri. Darasa la sebuleni lililokuwa la wiki tatu likawa la siku nne. Mume wangu hakupata hata nafasi ya kusinzia.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa mizuri sana kwenye hesabu. Picha za daftari zilikuwa zinakuja kila jioni kwenye simu yangu, kutoka nyumba tano za Lindi, na mimi nazitazama huku napika. Saa nne amegeuzwa, saa sita amegeuzwa, saa nane amegeuzwa. Amekula uji. Ngozi safi. Nilikuwa naziangalia kama mtu anavyoangalia saa.

Siku moja nikapita Lindi kwa ajili ya arusi ya mpwa wangu. Nikasema kabla sijaenda ukumbini nipige hodi kwa mama mmoja aliyevunjika nyonga, tulikuwa naye wiki ya saba. Nikalikuta daftari limening'inia mahali pake. Nikalifungua, na kabla sijamwona mgonjwa nikajua. Wino ulikuwa mmoja, mwandiko umelala upande mmoja, mistari imenyooka. Wiki nzima haina hata neno lililofutwa. Mtu aliyeamka saa nane ya usiku kumgeuza mtu mzima hawezi kuandika vizuri hivyo. Mwandiko wa usiku unayumba, una doa la mafuta, una tarehe iliyokosewa. Daftari lile lilikuwa limeandikwa siku moja, mezani, mtu amekaa vizuri.

Nikaomba kumgeuza mama. Chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, kulikuwa na kidonda ambacho kidole changu kingeingia. Alikuwa hajasema. Aliponiona nimenyamaza akaniambia, "Usimfokee mtoto, naye anasoma." Binti alikuwa ameanza masomo ya jioni na usiku alikuwa anakwenda kulala kwao.

Sikwenda arusini. Nilimsafisha mama yule, nikakaa naye mpaka usiku, kisha nikampigia simu mwanawe wa kiume nikamweleza kila kitu, pamoja na kwamba picha alizokuwa anatumiwa zilikuwa uongo na mimi nilikuwa nazipitisha. Wenzangu waliniambia baadaye ningesema kidonda kimetokea tu, vidonda vya kulalia vinatokea hata hospitali kubwa. Ni kweli vinatokea. Hiki hakikutokea, hiki kililetwa. Kijana wa watu hakunitukana. Alisema, "Mama, mimi nilikuwa nalipia zile picha." Nikamrudishia hela ya mwezi ule na nikaendelea kwenda kumsafisha mama yake bila malipo mpaka kidonda kilipoanza kujaa nyama, wiki tisa, basi la asubuhi na basi la jioni. Wakati mwingine natoka Mtwara na mvua, nafika Mingoyo jua linawaka. Kisha familia ikatafuta mtu mwingine, na walikuwa na haki.

Nyumba nyingine za Lindi nilizifunga moja moja ndani ya miezi miwili. Ya mwisho ilinifukuza yenyewe. Nilirudi nikiwa na nyumba saba tu, maana habari mbaya haipandi basi, inapigwa simu.

Binti yule nilikuwa nimemkasirikia mpaka siku nilipokaa kupiga hesabu zake. Nilikuwa nimempa zamu ya usiku na mchana, siku sita kwa wiki, peke yake. Nani anaweza kumgeuza mtu kila saa mbili kwa siku sita bila kulala? Mimi wodini sikuwahi. Tulikuwa tunapokezana. Nilikuwa nimeuza saa 24 na kuajiri mtu mmoja. Ndiyo maana kwenye hesabu faida ilikuwa inapendeza.

Sasa nyumba ya usiku na mchana ina watu wawili, na bei yake ni ya watu wawili. Familia isiyoweza, tunaongea nani wa ukoo atashika usiku, nasi tunamfundisha bure, naye anaandika kwenye daftari lilelile kwa mwandiko wake. Wengi wanachagua hivyo, na ninapata hela ndogo kwa nyumba lakini nalala. Vijana wote wana mkataba, na NSSF ile asilimia 20, nusu yangu nusu yao, inakwenda kila mwezi. Kijana wa Newala ndiye msimamizi. Ana nyumba sita, hazidi hapo, na anapita bila kutoa taarifa, mara saa moja asubuhi, mara saa tano ya usiku. Hatazami daftari kwanza. Anamgeuza mgonjwa kwanza, anaangalia mgongo na visigino, ndipo analifungua kuona kama limesema kitu kilekile. Ilinichukua kufedheheka ili nijue mpangilio huo.

Lindi nimerudi mwaka jana, na nyumba mbili. Mbili tu, za watu wanaojua yaliyotokea, mmoja wao ni ndugu wa yule mama wa nyonga. Alipokuja nilimuuliza kama anajua. Akasema, "Najua, ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine hawajawahi kuniambia lao."

Mtu wa Nachingwea alinipigia juzi, muuguzi anayekaribia kustaafu, anataka kuanza. Aliniuliza mtaji. Nikamwambia kipimo cha sukari na cha presha unavyo tayari, mashuka mawili ya plastiki, glovu, na mishahara ya miezi mitatu ambayo hutaigusa hata mume aumwe. Akauliza kuhusu bima. Mimi hakuna nyumba iliyowahi kulipiwa na bima kwa mtu wa kukaa na mgonjwa nyumbani. Wote ni hela ya mfukoni. Akauliza insulini atazihifadhije umeme ukikatika siku nzima. Mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowanishwa, uwekwe kivulini penye upepo, dawa ndani ya chupa kavu isiingie maji. Aliyafurahia zaidi maelezo ya mtungi kuliko ya mishahara. Atapigika kidogo.

Yule bibi wa Mikindani alifariki mwaka huu, mwezi wa Ramadhani, usiku, akiwa na binti wangu mmoja kutoka Tandahimba aliyemhudumia miaka miwili ya mwisho. Kidonda kilikuwa kimepona siku nyingi. Ulikuwa uzee na moyo. Binti huyo nilikuwa nimemgombeza mara mbili. Kwenye daftari alikuwa anaandika mambo yasiyotakiwa. Baada ya sukari na presha anaongeza: leo bibi amekataa uji, ametaka ming'oko. Leo amemwita mama yake. Leo ameniuliza kama bahari imejaa, nimemwambia imejaa, akasema basi watarudi. Nilimwambia, mwanangu, wino ni hela na nafasi ni ya mambo ya ugonjwa. Akaitikia ndiyo mama, akaendelea.

Siku ya tatu baada ya maziko mwanawe wa Dar, yule aliyenipigia simu mwaka 2016, alikuja kwangu na dada zake wawili. Nilidhani wanakuja kufunga hesabu, nikatoa risiti. Wakasema hapana sista, hesabu ziko sawa. Wanaomba madaftari. Yapo mangapi?

Yalikuwa 19. Nilikuwa nimeyafunga kwa kamba juu ya kabati. Dada mkubwa akayapokea, akakaa kwenye kile kigoda changu cha uani, akafungua la mwisho, akaanza kusoma kwa sauti, sukari na presha na vyote, mpaka alipofika kwenye bahari imejaa akampa mdogo wake aendelee.

Nikaingia ndani kuwatengenezea futari.